Kompyuta ya dada inazimika yenyewe: Ni dogo, ni jini au ni kimeo?

Macho yangu ni mekundu kama ya mla kungu. Usidhani nilikuwa disko. Wiki iliyopita nilikesha usiku mara mbili ndani ya kibanda cha steshenari cha dada yangu kule Mabibo, nimekodoa macho kwenye kioo cha kompyuta kama mtu anayesubiri penalti ya mwisho ya Simba na Yanga. Mbu waliokula damu yangu usiku ule sasa hivi wana wajukuu.

Kisa chenyewe ni kijana mmoja ambaye ilibaki siku nne tu afukuzwe kazi.

Dada yangu anachapa, anaprinti, anatoa kopi, anabaindi, anawajazia watu fomu za ajira kwenye mtandao. Wateja wake wengi ni wanachuo, na wanachuo mnawajua, wote hukumbuka risechi siku moja kabla ya kuikabidhi. Kibanda kina kompyuta moja ya mezani, used ya kutoka Ulaya, na kina dogo mmoja wa kusaidia kazi. Dogo ni kijana wa Singida, mpole, mkono wake kwenye kibodi ni mwepesi kuliko wa dada, ila hilo usilitamke mbele ya dada. Kila mwisho wa mwezi anamtumia mama yake hela ya unga. Na dada naye ana mkopo wa kikundi, marejesho kila Jumatatu, ukichelewa wenzako wanakuja mlangoni wamevaa khanga moja sare. Kwa hiyo kompyuta ile ikilala, kuna nyumba mbili zinalala njaa.

Sasa bwana, kompyuta ikaanza kuzimika ovyo. Mtu anachapa, ghafla kioo kinageuka bluu, maandishi meupe ya Kizungu, kile kiuso cha kununa, halafu inajiwasha upya. Leo mara moja, kesho mara tatu, keshokutwa inashinda salama kabisa mpaka unaanza kumshukuru Mungu, Alhamisi inazimika mara mbili kabla ya chai. Ugonjwa wa kudumu una afadhali, fundi anauona. Huu wa kuja na kuondoka ndio unaoua watu kwa presha, kwa sababu ukiipeleka kompyuta kwa fundi inawaka kama malaika, ukiirudisha tu kibandani inaanza vituko.

DOGO ANAGEUKA MTUHUMIWA

Siku mambo yalipofika shingoni, mwanachuo mmoja alikuwa na risechi ya kurasa sitini na kitu, anatakiwa akabidhi saa kumi jioni. Dogo alikuwa anamrekebishia majedwali tangu saa tano. Saa nane kasoro, bluu! Wakawasha. Saa nane na robo, bluu tena! Mara ya tatu faili lenyewe likagoma kufunguka, likadai limeharibika. Yule kaka alichomoa flashi yake bila kusema neno, akavuka barabara kwenda kwa mshindani wa dada. Hakulipa hata mia. Na angelipa nini?

Dada alilia. Alipomaliza kulia alimgeukia dogo. "Tangu uweke hiyo draiva yako ya printa, kompyuta yangu haina amani!" Akamkata elfu arobaini kwenye mshahara, akamwambia ikifika Jumamosi kama hali ni hiyo hiyo, arudi kwao.

Niseme ukweli, dada alikuwa na sababu. Mwezi ule alinunua printa mpya, na dogo ndiye aliyeshusha programu yake kutoka kwenye intaneti na kuiweka. Wiki iliyofuata mabalaa yakaanza. Ungekuwa wewe ungemshuku nani? Mama ntilie wa jirani yeye alikuwa na jibu tofauti. Alisema kile ni kijini, kwa sababu kompyuta haizimiki asubuhi, inazimika jua likishakuwa kali, "saa zao za kutembea." Tulicheka sana. Msomaji, liweke akilini neno la mama ntilie, nitalirudia.

Fundi alishaitwa mara mbili. Mara zote mbili alifanya kile wanachofanya mafundi wengi wa mjini, akapiga Windows upya, akachukua elfu ishirini yake, akaondoka anapiga mluzi. Elfu arobaini hiyo, na ugonjwa uko pale pale.

Mimi niliishia kidato cha nne na cheti changu hakiniruhusu kujigamba. Lakini kompyuta nimezichezea tangu enzi za intaneti kafe, na kitu kimoja kilinikereketa. Kama ugonjwa ungekuwa kwenye Windows, mbona kupiga Windows mara mbili hakukuuponya? Nikamuuliza fundi, akaniambia kila akimaliza anarudisha draiva zile zile alizonazo kwenye flashi yake, na printa anaiweka kama ilivyokuwa. Kumbe alikuwa anafua shati halafu analivisha mwili ambao haujaoga. Kazi yake haikuthibitisha chochote, wala ubaya wa dogo wala wema wake.

DRAIVA SIYO DEREVA WA DALADALA

Ngoja niwape somo kidogo, halafu turudi kwenye kesi.

Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya Windows na kifaa. Kadi ya picha ina yake, sauti ina yake, Wi-Fi ina yake. Ni mkalimani. Windows inasema "piga kelele", mkalimani anaitafsiri kwa lugha ya spika. Tatizo ni kwamba wengi wa wakalimani hawa wanakaa chumba cha ndani kabisa cha mfumo, pale penye funguo za kila kitu. Programu ya kawaida kama ya kuchapia barua ikikosea, Windows inaishusha kama konda anavyomshusha mlevi, abiria wengine wanaendelea na safari. Draiva ya chumba cha ndani ikikosea, Windows inalisimamisha basi zima palepale. Ule mwanga wa bluu ni mfumo unaojisimamisha wenyewe usije ukaharibu zaidi. Kwenye Windows 11 tangu mwaka 2025 wameugeuza mweusi, lakini msiba ni ule ule.

Ramu nayo ni meza ya kazi. Kila kitu unachokifungua kinawekwa hapo kwa muda. Kipande cha ramu cha GB 4 kina vijichumba zaidi ya bilioni 34, kila kimoja kinashika chaji ndogo ya umeme kumaanisha moja au sifuri. Chaji yenyewe inavuja kama maji kwenye ndoo yenye tundu, kwa hiyo kompyuta inapita kuijaza upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, yaani kama mara kumi na tano kwa sekunde moja. Na joto likipanda, uvujaji unaongezeka. Kijichumba kimoja kikiwa dhaifu, moja inageuka sifuri. Ikiangukia kwenye picha ya harusi, unaona kidoa ambacho hata bibi harusi hakioni. Ikiangukia kwenye maagizo ya Windows, bluu!

Hata wakubwa yamewakuta, kwa hiyo usione aibu. Tarehe 20 Aprili 1998, Bill Gates mwenyewe alikuwa jukwaani Chicago kwenye maonyesho ya COMDEX akiinadi Windows 98. Msaidizi wake akachomeka skana, na mbele ya umati wote kioo kikageuka bluu. Ukumbi ulicheka mpaka na yeye akacheka. Tarehe 19 Julai 2024 haikuwa ya kucheka. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili moja bovu kwa programu yake inayokaa kwenye kile chumba cha ndani. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta kama milioni 8.5 zilidondoka duniani, ndege zikabaki chini, hospitali zikahangaika.

Kuhusu kumbukumbu kukosea, kisa ninachokipenda ni cha Ubelgiji, kwenye uchaguzi wa Mei 2003 katika manispaa ya Schaerbeek. Mgombea mmoja alipata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Walipohesabu upya wakakuta zimezidi kura 4096 kamili. Kwa anayejua hesabu za kompyuta, 4096 ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani kijichumba kimoja tu kiligeuka kutoka sifuri kwenda moja. Wataalamu hawakukuta kasoro kwenye programu, wakahisi chembe ya mionzi kutoka angani ndiyo iliyopita pale. Mama ntilie akisikia atasema si alituambia.

DAFTARI LA MAHAKAMA

Turudi Mabibo. Nilimwomba dada anipe mpaka Jumatatu badala ya Jumamosi. Akakubali kwa kununa.

Kwanza kabisa nilihamishia kazi zote za wateja kwenye diski ya nje. Hili usiliache, maana kompyuta mgonjwa inaweza kukufia mikononi. Halafu nikanunua daftari la mia tano. Nikamwambia dogo, kila ikizimika andika saa, ulikuwa unafanya nini, na maneno ya mwisho yanayotokea kwenye kioo. Yakikupita haraka yapige picha na simu. Tukaenda pia kwenye mipangilio ya Windows tukaizuia isijiwashe yenyewe, ili maneno yabaki tuyasome.

Ndani ya siku nne ikazimika mara kumi na moja. Dada alisema nimeileta nuksi.

Hapa ndipo penye utamu. Mshikaji wangu mmoja wa Sinza anayechanganya muziki aliwahi kuwa na laputopu yenye ugonjwa wa bluu. Yake ilitoa neno lile lile kila siku, DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na chini yake jina la faili lile lile linaloishia na .sys. Tena ilidondoka pale tu alipokuwa anashusha nyimbo nzito kwa Wi-Fi. Tukalitafuta lile jina, ni draiva ya Wi-Fi. Tukairudisha ya zamani, mchezo ukaisha, kazi ya robo saa. Mara nyingi draiva mbovu huwa hivyo, ina tabia moja, ina saa zake na jina lake.

Daftari la dogo lilikuwa vurugu tupu. Mara MEMORY_MANAGEMENT, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, mara PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, siku moja ikalitaja faili la kadi ya picha, kesho yake la diski. Mara mbili tu ndipo walikuwa wanaprinti. Mara moja hakukuwa na mtu hata mmoja kwenye kiti, dada alikuwa nje ananunua chapati. Mshtakiwa anayebadilisha sura kila siku huwa ni ramu, ingawa si sheria ya msahafu. Draiva inayochafua meza ya wenzake nayo inaweza kuwasingizia wengine.

Kuhusu printa, mimi mwenyewe nusura nimfunge dogo. Nilisoma kwamba Machi 2021 sasisho la Windows lenyewe lilizifanya baadhi ya kompyuta zipige bluu kila zikituma kazi kwa printa za aina fulani. Nikasema basi, dogo kwisha habari yake! Lakini nilivyozidi kusoma nikaelewa kuwa tangu enzi za Windows Vista draiva za printa haziruhusiwi kukaa kile chumba cha ndani, ziko nje na programu za kawaida. Kwa hiyo kuiangusha kompyuta nzima peke yake, tena wakati printa imelala, ni vigumu. Kuondoa ubishi nikaifuta draiva ya printa, nikachomoa na waya wake. Siku hiyo ya Alhamisi dada alikuwa anapeleka kazi za kuprinti kwa yule mshindani, jamani aibu! Saa tisa alasiri, bila printa wala draiva, bluu!

Dogo alinitazama. Hakusema kitu, ila nilimwona anapumua.

Dada hakuridhika. "Labda mizizi imebaki," akasema, kama vile tunaongelea mchicha.

Ijumaa asubuhi nikaiwasha kwa hali ya usalama, ile ambayo Windows inaamka na draiva chache za lazima tu. Ikatulia saa mbili nzima. Nikaanza kutetereka, kumbe ni draiva kweli? Mpaka nilipokumbuka kuwa katika hali ile kompyuta inatumia sehemu ndogo tu ya meza, na ilikuwa asubuhi yenye ubaridi. Nikajaribu kipimo cha ramu kinachokuja na Windows yenyewe, unaandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, inajizima na kupima. Ikasema hakuna tatizo. Lo!

Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kuita fundi wa tatu. Kipimo kikisema ramu ni mbovu, kiamini. Kikisema ni nzima, hicho kimesema tu kwamba hakikukuta kitu kwa muda ule. Kuna chombo kikali zaidi kinaitwa Memtest86+, ni cha bure, unakiweka kwenye flashi na kuiwasha kompyuta kwa flashi hiyo kabla Windows haijaamka, ili pasiwe na draiva yoyote ya kusingiziwa. Kinaandika na kusoma kila kijichumba kwa mitindo tofauti, raundi baada ya raundi. Raundi moja yaweza kuchukua saa nzima au zaidi, ndiyo maana inatakiwa subira ya mvuvi.

Ijumaa usiku nikalala nacho kibandani. Alfajiri makosa yalikuwa sifuri. Mbu walishinda, mimi nilishindwa.

MAMA NTILIE ALIKUWA SAHIHI

Jumamosi jioni nilikuwa nakula ugali pale kwake nikimlilia hali yangu. Akarudia wimbo wake: "Nyie mnaipima usiku. Kwani inazimika usiku hiyo?"

Kijiko kilinidondoka. Kibanda cha dada ni bati tupu, hakina dari. Saa nane mchana ukiweka yai juu ya meza linaiva. Kijini cha mama ntilie kilikuwa ni joto! Na mimi nimepima usiku wa manane, feni inapuliza.

Jumapili dada hafungui. Saa tano asubuhi nikaanzisha kipimo, feni nikazima, dirisha nikafunga, nikavua shati. Raundi ya kwanza safi. Raundi ya pili, saa nane na dakika chache, ukajitokeza mstari mwekundu. Halafu wa pili. Halafu wa tatu! Nilipiga kelele mpaka watu wa saluni ya jirani wakatoka nje na rola vichwani. Mistari saba, yote mahali palepale, namba inayotakiwa na namba iliyosomwa zinatofautiana tarakimu moja tu. Nikapiga picha kwa simu. Ushahidi huo.

Lakini kesi haijaisha. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya ramu, kimoja kilichokuja na kompyuta, na kingine kilichoongezwa Kariakoo wiki ile ile ya printa. Eh, ndiyo! Dada alishakisahau kabisa. Printa iko mezani kila mtu anaiona, ramu iko tumboni nani ataikumbuka? Halafu huenda vipande vyote ni vizima ila tundu la mazabodi ndilo bovu. Ikabidi nizime, nichomoe waya wa umeme, niguse chuma cha kasha nitoe umeme wa mwilini, halafu nipime kipande kimoja kimoja, kila kimoja kwenye tundu la kwanza, kisha la pili.

Jua likaniishia. Nikaenda saluni nikaazima draya ya nywele. Usinicheke, mafundi nao hufanya hivi, ila iwe joto la chini na uishike mbali, ukikaribia utayeyusha plastiki na kesi itakugeukia wewe. Kipande cha zamani nikakipuliza kwenye matundu yote mawili, safi kama maji ya Kilimanjaro. Kipande cha Kariakoo, tundu la kwanza, wekundu. Nikakichomoa, nikakisugua meno yake kwa ufutio wa penseli kama mafundi wanavyofanya, maana mara nyingine ni uchafu tu. Tundu la pili, wekundu tena! Ilikuwa saa tisa na nusu usiku. Nikampigia dogo simu. Alipokea kabla haijaita mara mbili. Naye hakuwa amelala.

KARIAKOO HAKUNA RISITI

Jumatatu mimi na dada tukatia timu dukani. Duka silitaji. Jamaa alikichukua kipande, akakichomeka kwenye kompyuta yake, ikawaka. "Si hii inawaka, dada? Mzima huyu." Dakika mbili, kamaliza kupima. Risiti tunayo? Hatuna. Waranti? Wiki moja, na sisi tuna zaidi ya mwezi.

Nikamwonyesha picha za mistari myekundu. Akasema picha unaweza kutengeneza. Nikamwambia sawa mkuu, nina flashi hapa, tukae tuipime wote, mimi sina haraka. Nikavuta stuli nikakaa mlangoni. Wateja wakaanza kuuliza kuna nini, nami nikawa nawaeleza kwa sauti, kwa heshima zote. Baada ya watu wanne hivi jamaa akalegea. Hela hakurudisha, ila akatoa kipande kingine, na tukakipima palepale kwa muda wa kutosha dada kumaliza soda mbili. Nyumbani nikakipima tena Jumanne mchana chini ya bati, raundi tatu. Sifuri.

Windows tulilazimika kuipiga upya, safari hii kwa faida, maana ramu mbovu ilikuwa inaharibu hata mafaili yanayoandikwa kwenye diski. Mafaili mawili ya wateja hatukuyapata tena. Draiva hatukutumia za kwenye flashi ya fundi, dogo alizishusha kutoka kwa watengenezaji wenyewe, na printa aliiweka kwa mkono wake ule ule uliotuhumiwa. Fundi nilipokutana naye nikamweleza, akacheka. "Kazi ni kazi, bosi."

Leo ni siku ya tisa, kompyuta haijazimika hata mara moja, na joto la wiki hii mnalijua. Yule mwanachuo wa risechi hajarudi, nasikia kazi zake zote siku hizi anapeleka ng'ambo ya barabara.

Dada hakumwomba dogo radhi, dada yangu huwa haombi radhi. Jumanne jioni alirudi na chipsi mayai na mishkaki miwili, akamwekea dogo mezani, halafu akamtupia funguo. "Kesho fungua wewe, mimi nitachelewa kidogo." Dogo akala taratibu, akafuta mikono, akauliza kwa sauti ya chini kabisa: "Na ile elfu arobaini yangu, dada?"

Dada amesema mwisho wa mwezi. Ameniona naandika hapa, kwa hiyo anajua na ninyi mnajua.